Digrii Sitini Kwenda Kipara

Mvua za kwanza zikishanyesha, wanawake hukaa kando ya barabara ya Mutoshi na kuuza bowa. Ndivyo tunavyouita uyoga huku kwetu Kolwezi. Wanaupanga ndani ya mabeseni meupe ya chuma yenye ukingo wa buluu, yale ambayo rangi yake ikibanduka panaota kutu. Ukipita karibu unanusa udongo mbichi, majani yaliyooza na kitu kingine kama kuku anayechemka. Watu wa rika langu wakiinusa harufu hiyo wanameza mate na kuanza kusimulia mapishi ya mama zao. Mimi nakasirika. Nimekuwa hivyo tangu utotoni, na miaka yote nilidhani najua ninachokikasirikia. Mwaka huu nimegundua kwamba hata hicho nilikionea.

Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, safu ya mwisho kabisa, ambapo nyuma ya choo pori lilikuwa linaanza. Wazee wetu waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi, na mama wa baba yetu, Tata, aliishi nasi. Tulimwita Kaku, kama wanavyoitwa bibi wote kwa Waluba. Alitugombeza kwa Kiluba na kutubembeleza kwa Kiswahili, kwa hiyo tulijua mapema kabla ya maneno yenyewe kama siku itakuwa nzuri au mbaya.

Kila msimu wa mvua Kaku aliondoka asubuhi na beseni tupu kichwani, akarudi na beseni limejaa, kila uyoga upana wa sahani. Hakuna mwanamke kambini aliyepata bowa kama yale. Walimfuata, bila shaka. Kaku akihisi anafuatwa alikaa chini katikati ya njia, akavua kiatu, akaanza kutoa mwiba usiokuwepo. Aliweza kuutoa mwiba huo saa nzima. Wenzake walichoka, wakamsalimia kwa adabu, wakapita.

Mahali pa bowa hapasemwi. Panaonyeshwa, kwa miguu, tena kwa mtu mmoja tu. Kaku alionyeshwa na mwanamke mmoja wa hapa hapa, Mlunda, ambaye Kaku alimtunza alipougua. Kilichojulikana ni kwamba alikwenda upande wa Kipara. Hicho kilikuwa kilima kidogo chenye upara kweli, kama vilima vyetu vyote vyenye shaba ndani: miti inafika chini yake inasimama, juu panabaki majani mafupi na vijiua vya buluu. Nyuma ya Kipara palikuwa na kitu alichokijua Kaku peke yake.

Mwaka ninaousimulia macho yake yalikuwa yameingia wingu. Alikuwa akitambua watu kwa sauti, na chai kwa joto la kikombe. Siku moja tukila bukari, ugali wetu, alinawa mkono, akasema, kana kwamba ni jambo dogo:

"Mwaka huu nitaenda na Mamu. Nitamuonyesha."

Mamu ni mimi, ndivyo alivyoniita. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Dada zangu wawili waliacha kutafuna. Nilivimba kichwa mpaka usingizi ukanikataa, lakini lazima niseme ukweli: sikufurahia kujifunza alichokijua Kaku. Nilifurahia kwamba hatimaye ningepata mahali pa kutumia busole.

Busole ni dira. Tata alikuwa mfanyakazi wa wapima ardhi mgodini. Kazi yake ilikuwa kubeba ule ubao mrefu wenye namba na kusimama nao juani mpaka mpimaji ainue mkono. Mpimaji wake, mzungu, alipoondoka nchini alimwachia dira moja ya shaba, nzito, yenye kifuniko na duara la namba linalozunguka. Jumapili baada ya misa Tata aliiweka juu ya meza ya mbao, akatufundisha. Wengine walitoroka kwenda kucheza. Mimi nilibaki.

"Unazungusha hii duara mpaka hapa, sitini," alisema. "Sasa unajigeuza, we mwenyewe, mpaka sindano inaingia mu nyumba yake. Unaona? Kule mbele, chagua muti moja. Tembea mpaka kwa ule muti. Hapana kutembea na kutazama sindano, utaanguka mu shimo. Ukifika, unaanza tena."

"Na sitini inaenda wapi, Tata?"

"Toka kwenyi kile kichuguu ya vichwa mbili, sitini inaenda Kipara. Tulipimaka kule na mpimaji. Saa moja ya kutembea, haifike."

Mkono wangu ulitetemeka, sindano ikacheza. Tata akaichukua, akairudisha mezani. "Weka pahali ya sawa, ituliye. Kila mara, pahali ya sawa."

Hayo niliyashika kama amri ya kanisani. Lakini nilichokielewa ni kitu kingine kabisa. Sikuelewa kwamba sindano inatazama kaskazini tu, siku zote, hata umwambie nini. Nilidhani kuzungusha lile duara ni kuinong'oneza. Tata ameinong'oneza "Kipara", nayo imesikia. Nilidhani imeona kila mahali ambako wapimaji walipita, na kwamba ukiiheshimu itakuambia.

Tuliondoka asubuhi ya mawingu mazito, jua halionekani kabisa. Kaku alinishika bega, mimi nikabeba beseni. Mama Odia, jirani yetu, alikuwa anafagia mbele ya mlango wake.

"Kaku! Leo unaenda na mulinzi?"

"Naenda na macho," Kaku akajibu bila kusimama. "We baki na ufagio."

Mama Odia alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kaku hakuwahi kushindwa na mtu kwa maneno.

Kichuguu cha vichwa viwili kilikuwa kirefu kuliko nyumba yetu. Kaku alikipapasa kama anayetafuta kitasa, akazunguka mpaka mgongo wake ukaegemea kile kichwa kidogo.

"Sikiya vizuri, Mamu. Kichwa kidogo kwa mugongo. Kichwa kikubwa kwa bega ya kuume. Halafu mukono mbele." Akanyoosha mkono. "Kipara iko kule. Ni kusema, ukitembea, maji ya ule kamuto kadogo utayasikia kwa kushoto, hapana kuyavuka. Umesikia?"

Sikusikia. Nilikuwa nimepiga magoti. Mkono wangu ulitetemeka kwa hamu, na hakukuwa na meza porini. Basi nikalifunika beseni mdomo chini, nikaweka busole juu ya tako lake, pahali pa sawa, pasipoinama. Sindano ilicheza, ikatulia. Nilijigeuza, nikazunguka beseni kama kuku, nikaweka sitini. Ilionyesha mbali sana na mkono wa Kaku, kuumeni.

"Hapana, Kaku. Ni huku."

"Huku wapi?"

"Kuume. Busole inasema."

"Na busole ilishafika Kipara?"

"Ilifika na Tata! Na mupimaji! Inajua yote."

"Inajua na bowa?"

Alikuwa anacheka, lakini mkono wake ulikuwa bado umenyooka. Ninauona hata sasa: mkono mwembamba, bangili moja ya shaba, vidole vimekakamaa. Nilirudia, kwa sauti ya mtoto anayemfundisha mtu mzima, kwamba wazungu hawapotei kwa sababu ya kitu hiki, kwamba Tata mwenyewe alisema sitini. Kaku alimheshimu sana mwanawe kwa zile namba. Mkono ukashuka polepole.

"Macho imekuwa moshi," alisema. "Pengine na mukono imezeeka. Haya, twende kwa busole yako."

Tulitembea. Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Nilichagua mti, tukaufikia, nikafunika beseni, nikaweka dira, nikachagua mti mwingine. Mara ya tatu sindano ilisema tugeuke tena kuume. Mara ya tano ilisema kushoto. Nililisogeza beseni kidogo, nayo ikabadili mawazo. Nilijawa na hasira ambayo mtoto huwa nayo kwa mtu mzima anayemdanganya. Kitu kilichotulia vizuri mezani, mbele ya Tata, kilikuwa kinanichezea mimi peke yangu porini. Nilikipiga kofi.

"Usiipige, Mamu," Kaku akasema nyuma yangu. "Kitu ukiipiga haiseme ukweli."

Mvua ikaanza. Tulitokea kwenye bonde la majani marefu, maji yakatufika kwenye vifundo vya miguu. Kaku alisimama, akainua pua. Alisema siku zote kwamba Kipara kikinyeshewa kinanuka kama sarafu iliyoshikwa mkononi muda mrefu.

"Hapa hapana harufu yake," alisema. Akainama, akachota udongo, akausugua kwa vidole, akaunusa. Nikamwona anaogopa. Sikuwahi kumwona hivyo. "Hapa sipajue. Mamu, miaka yote naenda, na hapa sipajue."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mawili tu: nimekosea mimi. Badala yake niliendelea kuzungusha lile duara, nikilia kimyakimya ili asisikie, na mvua ikanisaidia.

Kilichoturudisha ni king'ora cha mgodi, cha kubadilisha zamu. Kaku alikisikia mbali sana, akanigeuza mabega, akanisukuma upande huo. Tulitembea muda mrefu sana. Kila nilipotaka kuweka beseni chini alisema, "Acha tu, Mamu. Beba."

Kambini tuliingia tumelowa, beseni tupu. Mama Odia alikuwa mlangoni pake bado, kama vile hakuingia ndani siku nzima.

"Eh, Kaku! Leo bowa yalikuona kwanza, yakakimbia?"

Wanawake wengine wakacheka. Haukuwa ubaya, ulikuwa utani wa kila siku, mpira uliorushwa ili urudishwe. Nilingoja Kaku aurudishe. Alipita tu. Kicheko cha Mama Odia kilikatika katikati, akatazama chini.

Tata alitukuta jikoni, Mama anamwosha Kaku miguu kwa maji ya moto. Aliniangalia mimi kwanza.

"Busole haikusaidia?"

Nikasema, "Hatukuitumia, Tata. Tulifwata njia ya Kaku."

Sijui uongo huo ulitoka wapi. Ulitoka ukiwa umekamilika, kama ulikuwa unangoja kinywani. Nilisikia maji yametulia ndani ya karai. Kaku alikuwa pale pale, hatua mbili kutoka kwangu, na masikio yake hayakuwa na kasoro. Nilingoja anitaje.

"Ni mi," Kaku akasema. "Mutoto alinifwata tu. Njia imeniacha."

Nimelitafuna jibu hilo maisha yangu yote. Kama alisema hivyo kunificha, basi alijua mimi ni mwongo, akanipenda hata hivyo. Kama alisema kwa kuwa aliamini, basi nilimwibia kitu ambacho sikuweza kukirudisha. Kilichofuata kilinionyesha kwamba aliamini.

Tata alimwambia atampeleka yeye mwenyewe mpaka Kipara Jumapili. Kaku alikataa. "Mutu hapelekwe pahali alikuwa anajua. Akipelekwa, ni kusema hajue tena." Beseni akampa Mama, likawa la kufulia. Akakaa barazani akibambua karanga. Kisha vitu vingine vikaanza. Alikuwa mtu wa kwenda chooni peke yake gizani na macho yake mabovu, sasa aliuliza, "Choo ni huku?" Alikuwa akitia chumvi kwa mkono, sasa alimwita Mama aonje kwanza. Aliuliza njia ndani ya nyumba aliyokaa tangu Tata ni mtoto. Kila alipouliza niliona ule mkono ukishuka. Alikufa baada ya misimu miwili ya mvua, na mahali pake pa bowa hakuna aliyepajua tena.

Sikusema. Kwanza niliogopa mkanda wa Tata, baadaye niliogopa uso wake, baadaye ikawa mazoea. Hasira nikaimwaga yote juu ya busole. Tata aliirudisha kwenye sanduku lake la bati, na mimi nikaapa sitaigusa. Nilipomaliza shule ya sekondari sikukaa. Nimeuza samaki wakavu Dilolo, vitenge Kasumbalesa, nimeishi Likasi na Kamina, na kila nilipofika, siku ya mapumziko, niliingia porini kwa miguu. Watu wananiona kichaa, mwanamke mzima anapanda vilima bila kuni wala shamba. Nilikuwa najaribu kujifundisha peke yangu alichotaka kunifundisha Kaku: kichuguu hiki begani, maji yale sikioni. Najifunza vibaya. Napotea mara nyingi. Na kila ninapopotea sikasiriki na pori, nakasirika na kile kidude cha shaba kilichoniambia kuume.

Tata alipofariki, sanduku lilikuja kwangu. Nilikaa na dira hiyo mwaka mzima bila kuifungua. Mwezi huu nilikuwa narudi Kolwezi na lori la mizigo, likaharibika Mutoshi, mbele ya wauza bowa. Hasira yangu ya siku zote ikapanda na ile harufu. Nikaitoa dira mfukoni, nikaifungua juu ya bodi ya mbele ya lori, kama mtu anayemwita adui wake hadharani. Sindano ikaenda popote ilipotaka.

"Ona," nikamwambia dereva. "Ona mwongo huyu."

Msichana mmoja alikuwa anangoja pikipiki hapo, kofia ya mgodini kichwani, ule ubao mrefu wenye namba begani. Alikuwa mpimaji. Alikuja haraka, kama anayeona mtoto karibu na moto.

"Mama, hapana kuiweka juu ya chuma! Itakudanganya." Akaiinua, akaiweka kiganjani mwangu. Sindano ikageuka, ikatulia. "Ona sasa. Iko muzima. Nzuri kuliko yetu."

Nilitembea mpaka kwa muuza bowa wa kwanza, nikamimina uyoga wake juu ya kitenge chake, nikalifunika beseni chini.

"We mama! Bowa yangu! Uko na kichaa?"

Niliweka dira juu ya tako la beseni. Sindano ikaondoka kaskazini kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Nikalisogeza beseni; ikavutwa kwingine. Nikaiinua; ikarudi. Nikaiweka tena. Nilirudia mara nyingi hata muuza bowa akaacha kupiga kelele, akamwuliza msichana kwa sauti ya chini kama nimefiwa.

Tata alisema pahali ya sawa. Hakusema juu ya mbao. Kwake meza ilikuwa mbao. Kaku alilibeba beseni lile la chuma miaka yote, bila dira. Dira haikusema uongo hata siku moja. Laiti ningekuwa mvivu kidogo tu, nikaishika mkononi ikicheza kama nilivyokatazwa, tungefika. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo: kwamba tulipotezwa na utii wangu.

Kesho yake nilikwenda kambini. Safu ya mwisho ya nyumba bado ipo, imepakwa rangi nyingine. Kichuguu kipo, kichwa kidogo kimemeguka kidogo. Niliegemeza mgongo hapo, kichwa kikubwa bega la kuume, nikanyoosha mkono mbele kabla ya kutazama chochote. Kisha nikaitoa dira, nikaishika kifuani, nikaweka sitini. Sindano ikaingia nyumba yake. Sikuhitaji kujigeuza hata kidogo.

Nilifuata mkono huo. Kijito kilikuwepo kushoto, sikukivuka. Sikutembea nusu saa, nikafika kwenye ukuta wa matofali na geti la chuma, na mlinzi kijana aliyekuwa anakula hindi la kuchoma. Nyuma yake ardhi ilikuwa inashuka, ngazi juu ya ngazi, mpaka chini kabisa ambako malori yalionekana kama wadudu.

"Mama, unatafuta nini huku?"

"Kipara."

"Ni nani huyo?"

"Ni kilima. Kilikuwa hapa."

Alitazama nyuma yake, akanitazama mimi. "Hapa ni shimo, mama. Toka nafika ni shimo. Nani alikwambia hapa kuko kilima?"

"Kaku yangu. Alinionyesha kwa mukono. Mi nikamukatalia, nikasema ni kule."

Kijana akageuza hindi lake, akafikiri. "Kuko wazee wa kwetu banasemaka hivyo, zamani hapa kulikuwa kilima. Basi Kaku yako alikuwa na haki, alisema kweli."

Nilimwomba aseme tena. Alinitazama kidogo, akasogea karibu na geti, akarudia kwa sauti kubwa, akidhani sisikii vizuri.